Uberti Navy 1851 au Pietta Remington 1858: ninunue ipi, na marekebisho yaanzie wapi?

Mlengaji36

Wakuu, salaam. Nataka kununua rivolva ya baruti nyeusi, nakala ya zile za karne ya 19 zinazoshindiliwa baruti na gololi ya risasi mbele ya silinda, kisha zikavishwa fataki (vikofia vidogo vyenye kilipuzi) nyuma. Niko Indiana, Marekani. Kazi yake ni shabaha ya karatasi, mita 25, mkono mmoja, bila haraka.

Nina tatu za kuchagua (Uberti na Pietta ni viwanda vya Italia). Uberti ya 1851 Navy, nakala ya Colt, kaliba ya inchi .36, mpya. Pietta ya 1858 Remington, .44, mpya. Na moja ya mtindo wa Navy yenye fremu ya shaba ya manjano, .44, iliyotumika, bei yake ni nusu ya hizo nyingine. Ipi inafaa? Nikague nini kabla ya kutoa pesa? Na kipi kirekebishwe kwanza kwa mtu mwenye jiliwa, tupa nzuri na subira, lakini hana mashine ya kereza? Pia watu wengi wanalalamika kwamba fataki zilizopasuka hukwamisha silinda. Chanzo chake hasa ni nini?

FundiTupa

Mkuu, hiyo ya fremu ya shaba iache. Mtindo wa Colt, ndio wa Navy hizi, hauna daraja la chuma juu ya silinda. Mtutu wote unashikwa na mhimili mmoja ulioskrubiwa kwenye fremu kwa nyuma, na kabari inayopita katikati yake. Kila mlio unauvuta mhimili huo. Shaba ni laini, kwa hiyo nyuzi zake hulegea kidogo kidogo, na meno ya nyuma ya silinda huupiga ukuta wa fremu mpaka yanaacha alama ya duara. Ukishaona duara hilo, au mhimili ukicheza unapoushika kwa vidole, jua mwanya kati ya silinda na mtutu umeshapanuka, na shaba iliyosogea hairudishwi kwa tupa.

Halafu Navy ya kweli ilikuwa .36 tu. Fremu za shaba zilitengenezwa majimbo ya Kusini ya Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 kwa sababu chuma kilikuwa adimu, kiwanda cha Griswold na Gunnison kule Georgia kikiwa mfano maarufu, na zile nazo zilikuwa .36. Navy ya .44 ni wazo la wauzaji wa leo. Mwenye nayo tayari aitunze kwa mzigo mdogo wa baruti: greni 15 (greni ni kama gramu 0.065) kwa .36, greni 20 kwa .44, asizidishe.

Kati ya mbili zilizobaki, Remington ina fremu iliyofunga mpaka juu. Haina kabari. Ukishusha mkono wa mdeki (wa kushindilia, ulio chini ya mtutu) na kuvuta mhimili, silinda inatoka ubavuni. Mwanya wake haubadiliki kwa sababu hakuna kinachosogea. Udhaifu wake ni mhimili: mwembamba, wenye uso usio na mifereji, hauna mahali pa kuweka grisi. Masizi yakiingia, silinda huanza kuwa nzito mapema, na itabidi upanguse uso wake wa mbele na kupaka mafuta kila baada ya mizunguko miwili mitatu. Mhimili wa Colt ni mnene na una mifereji inayoshika grisi, ndiyo maana huzunguka muda mrefu zaidi bila kuguswa. Lakini Colt inadai kazi ya mikono kabla haijatulia.

Ushauri wangu: mwenye kutaka kufyatua Jumamosi hii achukue Remington. Mwenye kupenda tupa na anayeutaka mpini wa Navy, ambao kwa mkono mmoja naona hauna mpinzani, achukue Uberti na akubali kuifanyia kazi.

Ukaguzi dukani, kwa yoyote ile: kwanza muulize muuzaji na uhakikishe kwa macho kwamba haina mzigo. Ng'oa fataki kama zipo, kisha ingiza kijiti katika kila chemba (tundu la silinda linaloshindiliwa) na ulinganishe kina. Baada ya hapo kokoa nyundo, yaani ivute nyuma, polepole sana huku ukiizuia silinda kidogo kwa kidole. Komeo, kile kijino kinachoifunga silinda kutoka chini, linapaswa kuingia kwenye notchi yake (kitundu cha ubavuni mwa silinda) kwenye chemba zote sita kabla au wakati ule ule nyundo inapofika mwisho. Rudia kwa haraka uone kama silinda inapitiliza. Nyundo ikiwa nusu, silinda izunguke huru. Nyundo ikiwa juu kabisa, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, rudisha bastola mezani. Kwa iliyotumika, toa chuchu zote, vile vijibomba vya nyuma ya silinda vinavyovishwa fataki. Chuchu isiyotoka kwa ufunguo wake imeliwa na kutu, na chemba yake huwa na vishimo. Mwangaza wa tochi ndani ya mtutu uonyeshe kingo kali za mifereji inayoizungusha gololi.

Chini ya mtutu au ubavuni utakuta mihuri ya nyumba ya upimaji silaha ya Gardone Val Trompia, Italia. Herufi PN zenye nyota juu maana yake imepimwa kwa baruti nyeusi. Herufi mbili ndani ya kisanduku kidogo ni mwaka wa upimaji. Muuzaji akisema ni ya juzi, kisanduku kitamsahihisha.

NtaNaShahamu

FundiTupa kamaliza ya kununua, mimi niongeze ya kushindilia, maana bastola iliyorekebishwa vizuri huharibiwa na mzigo mbaya.

Baruti iwe nyeusi halisi ya F tatu (daraja la punje ndogo), au mbadala wake uliotengenezwa kwa silaha hizi kama Pyrodex P. Baruti isiyo na moshi haiingii humu hata chembe. Shinikizo lake hupasua silinda, na wapo waliopoteza vidole. Mbadala hupimwa kwa ujazo wa kikombe kile kile cha baruti nyeusi, wala si kwa mizani, kwa kuwa ni mwepesi zaidi. Triple Seven, mbadala mwingine, ina nguvu zaidi, hivyo punguza ujazo kwa asilimia 15.

Navy ya .36: greni 18 hadi 20, gololi ya inchi .375, au .380 kama .375 inaingia kwa ulaini mno. Remington ya .44: greni 22 hadi 28, gololi ya .454, Pietta nyingi hukubali .451 pia. Madini ya risasi ya gololi yawe safi, laini, yasiyo na bati wala antimoni. Gololi ikishindiliwa inapaswa kuacha pete nyembamba ya risasi iliyonyolewa kwenye mdomo wa chemba. Pete kamili, duara zima. Isipotokea, gololi ni ndogo. Matokeo yake ni mawili: gololi husogea mbele chemba za jirani zinapolia, na moto hupata njia ya kuruka kutoka chemba moja hadi nyingine.

Usimimine baruti kutoka kwenye chupa yake moja kwa moja kwenye silinda. Cheche moja iliyobaki ndani itaifikia chupa yote ikiwa mkononi mwako. Mimina kwenye kikombe cha kupimia, kisha kikombe ndicho kimwage kwenye chemba. Baada ya baruti weka kizibo cha felti kilicholoweshwa nta, kisha gololi, kisha shindilia mpaka usikie imekaa. Pasiwe na nafasi tupu kati ya baruti na gololi. Greni 18 kwenye chemba ya .36 huiacha gololi ndani sana, na hapo usahihi hupungua kwa kuwa gololi husafiri mbali kabla ya kushika mifereji. Dawa yake ni kujaza juu ya baruti unga wa mahindi wa chengachenga, greni 6 hadi 8 kwa ujazo, ili gololi ikae milimita moja au mbili tu chini ya mdomo.

Nta ya vizibo: kwa uzito, sehemu 1 ya shahamu ya kondoo, sehemu 1 ya nta nyeupe ya mishumaa, nusu sehemu ya nta ya nyuki. Yeyusha ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, isiguse moto moja kwa moja. Epuka grisi ya gari na mafuta ya injini, kwani yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi huwa lami ngumu inayokwamisha kila kitu.

Fataki zivishwe mwisho kabisa, bastola ikielekea kwenye shabaha, ukizisukuma kwa kijiti cha mbao badala ya kidole. Fataki ikilia na baruti isiwake, shikilia bastola ikielekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya kufanya lolote.

Pwani_Kaskazini

Asanteni wakubwa. Mimi niko Mombasa. Je, hizi huhesabiwa kama mapambo ya kale, mtu anaweza kuagiza tu?

FundiTupa

Hapana ndugu, usiagize. Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaziweka nakala hizi kwenye kundi la silaha za kale kwa kuwa hazitumii risasi zenye ganda, na hata huko majimbo yanatofautiana, hivyo Mlengaji naye asome sheria ya jimbo lake. Kenya na Tanzania, hata gobole la kushindilia linahitaji kibali. Kibali kwanza, bastola baadaye. Uingereza nako rivolva ya kushindilia inahitaji cheti cha silaha, na Ujerumani za zaidi ya mlio mmoja zinahitaji leseni.

Mlengaji36

Nimechukua Uberti. Nimeifungua, nimeiosha grisi ya kiwandani, na haya ndiyo ninayoyaona:

Nikigonga kabari mpaka mwisho, silinda inakaza na nyundo haipandi. Nikiirudisha kidogo, silinda ni huru lakini fila geji (vibapa vya kupimia mwanya) inasoma milimita 0.25 kati ya silinda na mtutu. Kuna mstari uliokwaruzwa kuizunguka silinda yote kwenye usawa wa notchi. Fataki kadhaa hazikuwaka kwa pigo la kwanza, zikawaka kwa la pili. Na vipande vya fataki huangukia ndani ya mfereji wa nyundo. Nianze na kipi? Nilikuwa nafikiria kupunguza springi kuu ili nyundo iwe nyepesi.

KabariNaMhimili

Springi kuu usiiguse bado. Anza na mhimili, kwa sababu mengine yote unayapima kutokea hapo. Mtutu usiokaa mahali pamoja hauwezi kukupa kipimo cha kitu kingine chochote.

Ulichokieleza kuhusu kabari ni tatizo la Uberti linalojulikana: mhimili ni mfupi kuliko shimo lake ndani ya mtutu. Ulitakiwa ufike mwisho wa shimo na kugota. Usipogota, mtutu unashikwa sehemu moja tu, kule chini unapokutana na fremu kwenye zile pini mbili ndogo. Kabari inavuta juu ya hapo. Kwa hiyo kila ukiigonga, mtutu unainama: sehemu ya juu inakaribia silinda na mdomo unainuka. Ndiyo maana mwanya wako unabadilika kwa pigo la kabari, na ndiyo maana hata shabaha itakuwa ikipanda na kushuka kila unapofungua na kufunga bastola.

Kipimo ni rahisi. Toa kabari, toa mtutu na silinda. Rudisha mtutu kwenye mhimili bila silinda, lakini umeugeuza kando ili ile sehemu yake ya chini ipite ubavuni mwa fremu badala ya kukutana na pini. Sukuma mpaka mhimili ugote ndani ya shimo. Sasa angalia: uso wa nyuma wa sehemu hiyo ya mtutu unatakiwa uishie sawasawa na uso wa mbele wa fremu. Ukiipita fremu, kiasi unachoipita ndicho upungufu wa mhimili. Pima kwa rula ya vernia. Lakini kabla ya kupima safisha shimo kabisa, maana takataka za kiwandani au grisi iliyoganda chini yake hukupa kipimo cha uongo.

Ukishajua upungufu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata kisahani cha duara cha chuma kigumu kinachoenea chini ya shimo, unene wake uzidi kidogo upungufu uliopima, ukiweke ndani. Ya pili ni kutoboa ncha ya mhimili katikati, kukata nyuzi na kuweka skrubu ndogo isiyo na kichwa, ambayo unaipandisha au kuishusha kisha unaifunga kwa gundi ya nyuzi. Ya pili ni nzuri zaidi kwa kuwa inarekebishika siku zote, lakini tobo likienda upande umeharibu mhimili uliokazwa kiwandani kwa nguvu. Kwa jiliwa na tupa, chagua kisahani.

Kisahani hicho kisuguliwe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo ili nyuso zake mbili zibaki sambamba. Sugua kidogo, rudisha, unganisha bastola na silinda, ingiza kabari kwa kusukuma kwa dole gumba na pigo moja jepesi la nyundo ya mbao, kisha pima mwanya silinda ikiwa imesukumwa nyuma. Lenga milimita 0.08 hadi 0.10. Chini ya 0.05 masizi yataikaza silinda mapema. Hadi 0.15 bado ni sawa kabisa kwa baruti nyeusi. Uone pia kama mtutu unakutana na fremu chini bila kulazimishwa: ukipandisha kisahani kupita kiasi, utaona mwanga pale kwenye pini, na hapo umeuhamisha ugonjwa kutoka juu kwenda chini.

Umefika pale kipimo kinapobaki kile kile kabari ikiwa imeingia nusu au imegongwa mpaka mwisho. Hapo kabari inafanya kazi yake halisi: ukingo wake wa mbele unabana mhimili, wa nyuma unabana mtutu, na vyote viwili vinagota. Kama baada ya kisahani kabari haiingii tena, punguza kabari, kamwe usipunguze tundu. Kabari ni kipuri cha bei ndogo; tundu la mhimili si kipuri.

Mlengaji36

Kipimo nimekifanya: mtutu unaipita fremu kwa milimita 0.9. Nakata kisahani wikiendi hii. Na huo mstari kwenye silinda?

Komeo_na_Kidole

Mstari huo ni wa komeo. Nyundo inapoanza kupanda, nundu iliyo ubavuni mwake inauinua mkia wa komeo, kichwa kinashuka na silinda inakuwa huru. Nyundo ikiendelea, mkia unachomoka kwenye nundu na kichwa kinaruka juu kuifunga silinda. Kinatakiwa kiachiwe pale kwenye mteremko mdogo uliochongwa kabla ya notchi, yaani upana wa komeo moja hivi kabla ya kufika. Kikiachiwa mapema kinaburuzwa juu ya silinda, na ndio huo mkwaruzo. Kikichelewa, silinda hupitiliza ukikokoa kwa haraka.

Kabla hujasema kimeachiwa mapema, tazama mambo mawili. Kichwa cha komeo kwenye bastola mpya kina kingo kali kama kilivyotoka mashineni. Zivunje kwa jiwe laini la mafuta na usugue juu yake kufuata mduara wa silinda. Na mkono wa springi unaosukuma komeo mara nyingi ni mzito kupita haja. Upunguze upana kwa tupa, kutoka shinani kuelekea nchani, kisha sugua kwa urefu, maana mikwaruzo ya kukata upande ndiyo inayoanzisha ufa. Mara nyingi mstari huacha kuongezeka baada ya hapo.

Kama kweli kinaachiwa mapema, huwezi kukirekebisha kwa kupunguza. Mkia wa komeo ukifupishwa huachia mapema zaidi. Kupunguza mkia ni dawa ya komeo linalochelewa. Lako likihitaji kuchelewa, nunua komeo jipya, linakuja na mkia mrefu, nalo ulipunguze kwa kusugua mara chache, kuunganisha, kujaribu, tena na tena.

Kidole, yaani kipande cha chuma kwenye nyundo kinachosukuma meno ya silinda, kinafuata kanuni kama hiyo. Kikiwa kirefu, utahisi nyundo inakuwa nzito mwishoni kwa sababu silinda imeshafungwa na kidole bado kinasukuma. Sugua ncha yake nywele kwa nywele ukihifadhi pembe yake. Kikiwa kifupi, ukikokoa polepole nyundo hufika mwisho silinda ikiwa haijafunga. Weka kidole kipya. Springi yake ndogo bapa ndiyo huvunjika kuliko kitu chochote ndani ya Colt. Huvunjikia shinani. Kipande cha kibanio cha nywele, kile cheusi bapa, kikikatwa kwa urefu uleule na kufinywa ndani ya ufa wake hufanya kazi vizuri kabisa.

Kifyatulio: usiguse pembe ya ncha yake wala notchi ya nyundo. Sehemu hizo zimefanywa ngumu juu juu tu. Ukipenya tabaka hilo, chini ni chuma laini kitakachochakaa. Inatosha kusugua nyuso kwa jiwe gumu la Arkansas mpaka zing'ae, ukilishikilia jiwe bapa bila kubadili pembe. Uzito wa kuvuta ukiwa kama kilo 1.5 unatosha kwa shabaha.

FundiTupa

Sasa fataki, na hapa ndipo nieleze kwa nini springi kuu iachwe.

Fataki ikilia, moto haupiti mbele tu. Sehemu ya shinikizo la chemba hurudi nyuma kupitia tundu la chuchu. Kinachoizuia fataki isiruke ni uzito wa nyundo na nguvu ya springi. Ukiifanya springi kuwa dhaifu, nyundo husukumwa nyuma, fataki hupasuka na kufunguka, na vipande huanguka mahali pasipotakiwa. Wengi wanaopambana na kukwama kwa fataki waliianza shida wenyewe kwa kutafuta nyundo nyepesi. Chuchu iliyoliwa na moto, tundu lake likiwa limepanuka, huleta matokeo yale yale hata springi ikiwa nzima.

Kuwaka kwa pigo la pili kuna maana moja karibu kila mara: fataki haikukaa mpaka chini, pigo la kwanza limeikalisha tu. Ama koni ya chuchu ni nene, ama fataki ni ndogo. Uberti na Pietta za ukubwa huu hutumia nyuzi za milimita 6 kwa 0.75, hivyo unaweza kununua chuchu bora za Treso au Slix-Shot za vipimo hivyo. Ukibaki na za kiwandani, funga chuchu kwenye keekee, izungushe, na upunguze koni kwa jiwe laini mpaka fataki namba 10 iingie kwa kusukuma na ikae bila kutikisika. Usifinye fataki namba 11 ili ishike koni ndogo. Iliyofinywa hufunguka upande mmoja na kuanguka kwa mtikiso wa chemba ya jirani.

Kisha pima nyundo inapotua. Ikiwa chini kabisa, isiwe inaigusa chuchu. Kipande cha karatasi nyembamba kipite kati yao kwa kukwaruza kidogo. Ikigusa, kila mlio unaitandaza ncha ya chuchu na baada ya muda fataki hazitaingia tena. Mwanya ukizidi milimita 0.2 hivi, pigo hupoteza nguvu.

Kuhusu vipande kuingia mfereji wa nyundo: uso wa nyundo ya Colt una mwanya mdogo uliokusudiwa kukaa juu ya pini za usalama kati ya chuchu. Fataki inayotanuka hujifinya ndani ya mwanya huo, nyundo ikipanda inaibeba, kisha inaiangusha ndani. Wapo wanaoujaza mwanya kwa epoksi ya chuma na kuung'arisha. Inafanya kazi, ila unapoteza pini za usalama, na baada ya hapo lazima ushindilie chemba tano tu, nyundo ikilala juu ya tupu. Mimi napendelea njia ya pili: pini ya chuma ya milimita 2 hivi iliyosimamishwa ndani ya mfereji wa fremu, mbele ya nyundo, ikipita ndani ya mwanya ule ule. Nyundo ikirudi nyuma, pini inaichomoa fataki na kuiacha juu ya silinda. Tundu lake litobolewe katikati kabisa, nyundo ikiwa imetolewa, na pini isiguse nyundo ikishuka. Kama huna keekee ya kusimama, hii mpe fundi bunduki.

NtaNaShahamu

Ukirudi nyumbani osha siku hiyo hiyo. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu hewani na kutu huanza usiku huo huo. Ng'oa chuchu zote, maji ya moto na sabuni ya vyombo, brashi kwenye kila chemba, kausha kwa joto dogo, kisha mafuta ya mimea kidogo ndani na nje. Nyuzi za chuchu zipakwe grisi nzito kabla ya kurudi, la sivyo zitagoma kutoka.

Mlengaji36

Kisahani kimekaa: mwanya milimita 0.10, haubadiliki kwa kabari. Fataki namba 10 kwenye chuchu za Treso zinawaka zote kwa pigo la kwanza. Swali la mwisho: kundi la gololi ni zuri lakini liko juu ya alama kwa sentimita 12, mita 25.

KabariNaMhimili

Hiyo ni tabia ya Navy. Kilengeo cha nyuma ni kijinoo kwenye nyundo, cha mbele ni kishanga kifupi, na vilipangwa kwa masafa ya mbali zaidi ya mita 25. Hesabu yake: zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Pima yako, tuseme ni 250. Basi 120 mara 250, gawa kwa 25,000, unapata milimita 1.2. Kishanga cha mbele kiongezeke kimo kwa kiasi hicho. Kitoe, tengeneza kingine cha shaba chenye shina lile lile lakini kirefu kwa milimita 2, kikaze, kisha kishushe kwa tupa ukifyatua. Kadiri unavyokishusha gololi zitapanda, hivyo anza ukiwa chini ya alama na upande kuifuata. Usichimbe kijinoo cha nyundo mpaka umalize mbele.

Na fanya hesabu hiyo kwa mzigo uliouamua. Ukitoka greni 18 kwenda 20 baada ya kusugua kilengeo, utaanza upya.